Hofu Ndiyo Iliyokuwa Ikiwaua

Gereza lina kuta, lina minara, lina askari wanaopekua mpaka soli za viatu, na bado unga, yaani heroini, huingia. Nililijua hilo mapema nilipopangiwa kazi ya uuguzi katika zahanati ya gereza, kwa sababu waliokuja kwangu na majipu ya sindano mikononi hawakuwa mahabusu wapya peke yao. Wengine walikuwa wamekwisha kukaa ndani miaka. Tangu wakati huo, kila nikimsikia kiongozi akiapa kwamba dawa za kulevya zitatokomezwa mitaani, bandarini na mipakani, hujiuliza zitatokomezwaje huko ikiwa zimeshindikana ndani ya uzio mmoja unaowaka taa usiku kucha.

Sisemi kwamba unga ni kitu chema. Nimesafisha vidonda vilivyooza hadi mfupa, nimetafuta mahali pa kuwekea dripu kwenye mwili usiobakiwa na mshipa hata mmoja unaofaa, nimewafumba macho vijana wa rika la wanangu. Ninalosema ni kwamba wengi wa wale niliowaona wakifa hawakuuawa na unga peke yake. Waliuawa na kujificha. Huyu alijificha ili atumie, wenzake wakajificha alipozidiwa, na sisi ambao tungeweza kumtibu tukafichwa mpaka muda ukawa umekwisha. Kilichowafanya wote hao wajifiche ni sheria, na ndiyo maana nasema wazi kwamba kumfanya mtumiaji kuwa mhalifu ni kosa, tena kosa linalogharimu roho za watu.

Anayeingia rumande leo, naye jana alitumia, hukamatwa na arosto, yale mateso ya mwili ulionyimwa dawa, usiku huohuo au wa pili yake. Huanza na miayo na makamasi, machozi yanamtoka bila kulia, kisha mifupa inauma, tumbo linasokota, anatapika, anaharisha, usingizi haumjii. Nimewaona wanaume wazima wakijipigiza ukutani. Mchana waliniita afande. Arosto ikiwakaba waliniita sista, na usiku wa manane waliniita mama. Kwa mtu mwenye afya, arosto ya heroini kwa kawaida haiui. Lakini aliyelala sakafuni siku tatu akitapika na kuharisha, hakuna maji, hakuna dripu, hakuna wa kumwangalia, huyo anaweza kufa kwa kukaukiwa, na mara nyingi cha kuzuia kifo cha namna hiyo ni maji yenye chumvi na sukari tu. Huwa nawaeleza haya watu wanaoamini kwamba kumfungia teja ni kumsaidia aache. Mwenye kisukari hafungiwi ili sukari yake ishuke.

Ndani huko sindano moja ilizunguka seli nzima. Ikikosekana, walitengeneza ya kwao kwa mrija wa kalamu. Sisi wa zahanati tuliwapima VVU na homa ya ini, tukawapa majibu na ushauri nasaha, kisha tukawarudisha kwenye sindano ileile, kwa kuwa kumpa mfungwa sindano safi kungekuwa kukiri kwamba gerezani mna dawa. Nilizungumza na wakubwa wa kazi juu ya hilo zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa moja: sheria hairuhusu.

Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba tulikuwa tunarudia jambo ambalo dunia ilikwisha kulilipia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika jiji la Edinburgh huko Uskoti, polisi waliwaandama watu waliobeba mabomba ya sindano, na wenye maduka ya dawa wakaacha kuwauzia. Watumiaji hawakuacha. Walikusanyika na kudungana kwa bomba moja. Kipimo cha VVU kilipopatikana, madaktari wa kituo kimoja huko walipima damu za wagonjwa wao waliokuwa wakijidunga, na mwaka 1986 wakachapisha matokeo: takriban nusu walikuwa wameambukizwa. Glasgow, jiji jirani, ambako msako wa sindano haukuwa mkali kiasi hicho, kiwango kilikuwa cha chini sana. Heroini ilikuwa ileile na nchi ileile. Kilichotofautiana ni kama mtu aliweza kupata bomba lake mwenyewe.

Hata hivyo hatari kubwa kuliko zote haikuwa ndani. Ilikuwa siku ya kutoka.

Mwili wa anayetumia heroini kila siku huizoea, na kipimo kinachoweza kumuua mwingine kwake huwa cha kawaida. Akikaa miezi bila kutumia, au akitumia kidogo tu kwa vile ndani ni adimu, mazoea yale ya mwili yanaondoka. Kumbukumbu haiondoki. Anafika uraiani, anapima kile kipimo anachokijua, na mwili hauwezi tena kukibeba. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo.

Nilipoisoma takwimu hiyo nilimkumbuka kijana mmoja. Alikuwa amenenepa gerezani, ngozi imerudi, anasali, anawafundisha wenzake kusoma. Asubuhi ya kutoka alipitia zahanati kuniaga.

“Sista, mimi nimeacha. Hata hamu sina.”

“Nakuamini, mwanangu. Ila nisikilize. Ikitokea ukateleza, kile kipimo chako cha zamani usikiguse. Na usiwe peke yako.”

Akatikisa kichwa. “Nikiwa na watu si watamwambia mama?”

Wiki haikwisha. Alikutwa ndani ya pagale, ameketi ameegemea ukuta. Alijificha ili mama yake asijue, na alijificha ili polisi wasimwone, maana kurudi gerezani kwa kosa lilelile kungempatia kifungo kirefu zaidi. Mama yake alipokuja kunitafuta hakuwa na hasira na mtu. Alichokuwa akirudia ni kwamba mwanawe alikuwa ameacha, na nilimwambia kuwa ni kweli, alikuwa ameacha. Hakuna aliyempa kijana yule methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, kabla hajatoka. Hakuna aliyempa namba ya kliniki. Alipewa nguo zake, nauli, na onyo.

Baadaye nilihamishiwa idara ya dharura ya hospitali kubwa, na huko nikakutana na kujificha kwa namna nyingine. Gari linasimama getini, mlango unafunguliwa, mtu anashushwa juu ya lami, gari linaondoka. Hakuna jina. Hakuna wa kueleza ametumia nini wala saa ngapi.

Wengi hawajui kwamba aliyezidiwa na heroini kwa kawaida hafi ghafla. Dawa inailaza ile sehemu ya ubongo inayoamuru mapafu yapumue. Pumzi zinapungua, anakoroma vibaya, midomo na kucha zinabadilika rangi, na mara nyingi kuna muda, dakika kadhaa au hata saa nzima, ambamo anaweza kurudishwa. Ipo dawa iitwayo naloksoni. Hudungwa kwenye msuli au kupulizwa puani, nayo huing’oa heroini pale ilipojishikiza kwenye ubongo, mgonjwa akavuta pumzi ndani ya dakika chache. Hailevyi wala haileti uraibu. Nguvu zake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa hiyo mgonjwa hapaswi kuachwa peke yake hata akiamka na kusema yuko sawa. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba dawa hii iwe mikononi mwa wale wanaoweza kumkuta aliyezidiwa, yaani ndugu zake na watumiaji wenzake. Kwetu ilikuwa ndani ya kabati la hospitali, kilomita nyingi kutoka mahali watu walipokuwa wakizidiwa.

Siku moja mmoja wa waliomshusha mwenzao getini alirudi. Alikuja kuuliza kama rafiki yake amepona. Hakuwa amepona. Nilimketisha, nikamwuliza ilikuwaje.

“Tulimmwagia maji, dada. Tulimpiga makofi. Tukaanza kubishana nani ampeleke. Mwaka jana mwenzetu alimleta mtu hapahapa, akashikwa yeye, akaambiwa ndiye aliyemdunga. Kila mtu akawa anasema nenda wewe.”

“Mlibishana muda gani?”

“Mrefu.”

Sikumlaumu. Alifanya hesabu ambayo sheria ilimlazimisha aifanye, kati ya maisha ya rafiki yake na miaka yake mwenyewe. Jimbo la New Mexico huko Marekani lilipitisha mwaka 2007 sheria inayomlinda na mashitaka ya kukutwa na dawa mtu anayeita msaada kwa ajili ya aliyezidiwa, na majimbo mengi yakafuata. Ni sheria fupi. Haimruhusu mtu kuuza wala haimsifu mtumiaji. Inamwondolea tu rafiki sababu ya kukimbia.

Kuna kitu kingine nilichojifunza pale dharura ambacho mwanzoni kilinishangaza. Baada ya kila msako mkubwa uliotangazwa redioni, wakuu wa polisi wakiwa wamesimama nyuma ya meza iliyojaa vifurushi, sisi tulijiandaa kwa siku ngumu. Mtumiaji aliyekuwa na muuzaji wake wa kila siku, ambaye unga wake ameuzoea, sasa alilazimika kununua kwa asiyemjua. Kete, kile kipakiti kidogo cha unga, haina lebo. Haisemi ina heroini kiasi gani, imechanganywa na nini, imepimwa na nani. Wagonjwa waliongezeka. Huko Indianapolis, Marekani, watafiti waliliona jambo hilohilo na kulichapisha mwaka 2023: polisi walipokamata dawa za jamii ya afyuni, yaani heroini na jamaa zake, mahali fulani, visa vya kuzidiwa viliongezeka katika maeneo ya karibu kwa wiki zilizofuata. Msako unahesabiwa kwa kilo zilizokamatwa. Waliozidiwa baadaye wanahesabiwa kwenye daftari jingine, na madaftari hayo mawili hayakutani.

Marufuku pia huifanya dawa iwe kali zaidi, na sababu yake ni ya kibiashara tu. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, bia ndiyo iliyoumia zaidi kwa sababu pipa la bia ni kubwa na halifichiki. Pombe kali zikatawala, kwa kuwa chupa moja hubeba ulevi mwingi katika nafasi ndogo. Spiriti ya viwandani ilitiwa sumu kwa agizo la serikali ili isinyweke. Wauza magendo waliiiba, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza hivyohivyo, na watu wakafa na wengine wakapofuka. Leo mambo hayo yanajirudia kwa fentanili, dawa ya maabara ya jamii ya heroini, yenye nguvu takriban mara 50 ya heroini. Kifurushi kidogo kinachoingia ndani ya bahasha kinafanya kazi ya gunia. Mwaka 2021 na mwaka 2022 Marekani ilipoteza zaidi ya watu 100,000 kila mwaka kwa kuzidisha dawa, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilihusisha fentanili na jamaa zake. Miongoni mwao wapo waliodhani wanatumia kitu kingine kabisa. Kadiri njia zinavyobanwa, ndivyo mfanyabiashara anavyotafuta kitu kidogo zaidi na kikali zaidi, na anayekijaribu kwa mara ya kwanza ni mtu maskini asiyeambiwa.

Wanawake wana sehemu yao ya hofu. Dada mmoja alifika na uchungu wa kujifungua umekolea, hajawahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito hata mara moja. Nilimwuliza sababu. “Nilisikia wananyang’anya watoto, sista. Na mwenzangu walimchukua polisi akiwa kitandani.” Alikuwa amejaribu kuacha mwenyewe, ghafla, nyumbani, akiwa na mimba kubwa, jambo ambalo lingeweza kumuua mtoto tumboni; mjamzito anayetumia heroini hashauriwi kukata ghafla, hupewa methadoni na kusimamiwa, na mtoto akizaliwa na arosto hutibiwa akapona. Tiba ipo na inajulikana. Alichokosa ni mahali pa kuisikia bila kukamatwa. Wale niliowapokea wakiwa wanawake walikuja wakiwa wamechelewa zaidi kuliko wanaume, kila mara, na nimeona wengine huko maskani, kwenye vijiwe vya watumiaji, wakilipia kwa miili yao ulinzi ambao wangepaswa kuupata bure kutoka kwa vyombo vya dola.

Kuhusu hongo sitasema mengi, kila anayeishi karibu na maskani anajua. Mwenye fedha hulipa palepale akaachiwa, asiyekuwa nazo huletwa ndani. Katika muda wote nilioutumikia gerezani sikumtibu tajiri hata mmoja wa biashara ya unga. Nilitibu wapiga debe, wabeba mizigo, vijana waliokamatwa na kete moja mfukoni, na akina mama waliobebeshwa mzigo wasioujua thamani yake. Si kwetu tu. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1986 ilimpa kifungo kisichopungua miaka mitano aliyekamatwa na gramu 5 za kokeini ya kuvuta iitwayo “crack”, wakati mwenye kokeini ya unga alihitaji kukamatwa na gramu 500 ili apate kifungo hichohicho. Dawa ni ileile. Waliojaa magerezani kwa sheria hiyo walikuwa hasa Wamarekani weusi, na hata mwaka 2010 ilipopunguzwa, uwiano ulibaki 18 kwa 1. Na pale ambapo kiongozi aliwapa polisi ruhusa ya kwenda mbali zaidi, kama Ufilipino kuanzia mwaka 2016, serikali yenyewe ilikiri kuwaua watu zaidi ya 6,000 katika operesheni zake. Watetezi wa haki za binadamu wanasema idadi ni kubwa zaidi ya hapo. Ufilipino bado ina dawa za kulevya.

Halafu huyo aliyekamatwa na kete moja anamaliza kifungo, anatafuta kazi, anaulizwa kama amewahi kutiwa hatiani. Nawajua walioacha kabisa, wazima, wenye nguvu na akili, ambao hakuna anayewapa hata kazi ya ulinzi. Unamtoa mtu kwenye unga kisha unamfungia kila mlango isipokuwa ule wa kurudi kwenye unga.

Sikutegemea kwamba ningeikuta marufuku hiihii kwenye wodi ya saratani. Niliwahi kupangwa huko kwa muda. Palikuwa na mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyofika mifupani, ambaye kilio chake kilisikika hadi ngazi za chini. Mofini, dawa ya maumivu makali ya jamii moja na heroini, ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtu asiyekuwa zamu, na daktari kijana aliyekuwepo aliogopa kusaini fomu kwa sababu aliwahi kusikia habari za mwenzake aliyehojiwa juu ya chupa iliyopungua. Mwingine akasema, “Ataizoea.” Mama yule alikuwa amebakiwa na majuma machache ya kuishi. Tulimpa paracetamol.

Hofu ya dawa za kulevya imewanyima watu wanaokufa dawa ya maumivu, na hili hunichoma kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu hata ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa marufuku ya leo, unakiri katika utangulizi wake kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi ni ya lazima kwa kuondoa maumivu na kwamba zinapaswa kupatikana. Sehemu ya kukataza imetekelezwa kwa bunduki. Sehemu ya kuhakikisha zinapatikana imesahaulika. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba nchi zenye nusu maskini zaidi ya watu wa dunia zinapata asilimia 1 tu ya dawa za maumivu za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani. Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini tangu mwaka 2004, mofini ya maji ya kunywa, ambayo ni rahisi kutengeneza, na wagonjwa wakaipata hadi nyumbani. Mimi ni muuguzi, na ningetoa chochote nilicho nacho ili niwe nimeweza kufanya hivyo kwa mama yule.

Wanaonipinga huniuliza: je, mkiacha kuwakamata, si kila kijana atatumia? Ni swali la haki na linastahili jibu, maana linaulizwa na wazazi. Jibu langu ni Ureno. Tangu Julai 2001 kukutwa na dawa ya matumizi ya mtu mwenyewe, kwa kawaida isiyozidi ya siku kumi, si kosa la jinai nchini humo. Dawa huchukuliwa, na mtu hupelekwa mbele ya kamati ya watu watatu, wa sheria, wa afya na wa ustawi wa jamii, ambao huzungumza naye na kumwelekeza kwenye tiba kama anaihitaji. Kuuza bado ni jinai. Mafuriko ya watumiaji yaliyotabiriwa hayakuja. Maambukizi mapya ya VVU miongoni mwa wanaojidunga yalikuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka mwanzoni mwa karne hii. Yameshuka hadi chini ya 100.

Wenye kusoma hunijibu kwa mfano wa Oregon, jimbo la Marekani, nami sikwepi. Wapiga kura wa jimbo hilo waliondoa adhabu ya jinai mwaka 2020, na Septemba 2024 adhabu ikarudishwa. Kilichotokea ni kwamba sheria ilianza kazi Februari 2021 huku fedha za tiba zikichelewa, aliyekamatwa akipewa karatasi ya faini yenye namba ya simu ambayo wachache mno waliipiga, na fentanili ikiingia wakati huohuo. Kuacha kumfunga mtu halafu usimpe kitanda, methadoni wala wa kumsikiliza, ni kumtelekeza. Ureno walibadili sheria na kujenga huduma pamoja. Uswisi nao walifika huko kwa njia ya machungu: bustani ya Platzspitz jijini Zürich iliachwa ijae watumiaji, ikafungwa na polisi mwaka 1992, watu wakahamia kwenye stesheni ya treni iliyoachwa hapo karibu, nayo ikafungwa mwaka 1995. Walichoona ni kwamba kuwafukuza huwahamisha tu. Mwaka 1994 walianza kuwapa heroini yenyewe, safi, chini ya uangalizi wa daktari, wale ambao tiba nyingine zimeshindikana kwao. Wizi wa wagonjwa hao ulipungua sana. Mwaka 2008 wananchi waliulizwa kwa kura, na asilimia 68 wakaunga mkono.

Nisieleweke kwamba nataka unga uuzwe na matangazo barabarani. Tumbaku na pombe zimetufundisha nini hutokea pale mwenye faida anaporuhusiwa kuwatafuta wateja wachanga. Kwa bangi, sheria ya uuzaji yenye masharti makali inatosha. Kwa heroini na jamaa zake, nataka daktari na muuguzi wasimame pale anaposimama muuzaji leo.

Sasa nafanya kazi kwenye kliniki ya methadoni. Kila asubuhi wanakuja, wanakunywa dawa mbele yetu, wanaondoka. Dozi moja hushika saa 24. Arosto haiji, sindano haina kazi, na mtu anapata siku nzima ya kufanya jambo lingine. Nina mgonjwa aliyewahi kuwa kwenye seli ya gereza lile nililoanzia, ambaye sasa analipa ada ya mwanawe kwa kazi ya useremala na hunikumbusha mimi tarehe za vipimo vyake. Tatizo letu kubwa si dawa wala watu wasiotaka kupona. Ni kwamba polisi wanaijua njia ya kliniki na saa za kufungua. Wanasimama pale, wanawakamata wakiwa njiani, na anayekosa dozi siku tatu mfululizo hatuwezi kumrudishia kipimo chake chote bila kumhatarisha. Inabidi tumpunguzie na kuanza kumpandisha upya, na katika siku hizo wengi huteleza.

Nimeandika barua za kuomba mambo mawili. La kwanza, kila anayetoka gerezani mwenye historia ya heroini atoke na naloksoni mfukoni na rufaa ya kuja kwetu. La pili, mgonjwa aliye njiani kuja kunywa dawa asikamatwe kwa kuwa mtumiaji. La kwanza limekubaliwa nusu: rufaa zimeanza kuandikwa, naloksoni bado. Kwa la pili najibiwa kwamba askari wanatekeleza sheria iliyopo, nami naandika tena kuomba sheria hiyo ibadilishwe.